Motokaa za Kale na Majina ya Wazee Wetu



Joto linapopungua na watu wa Doha wakaanza tena kutembea nje jioni, motokaa za kale nazo hutolewa mabandani. Hata hapa kwetu Fereej Bin Mahmoud, karibu na barabara ya mzunguko wa C, hupita moja moja, zimeng'arishwa kama sinia za arusi, na watoto wetu huacha mpira wakazikodolea macho. Wenyeji wanaozipenda wana kituo chao kiitwacho Mawater. Neno hilo, katika Kiarabu cha Ghuba, ni wingi wa "motar", nalo ni ndugu wa "motokaa" yetu, maana yote mawili yametoka katika neno moja la Kiingereza. Na yeyote aliyefika kwenye makumbusho ya Sheikh Faisal bin Qassim Al Thani, kule Al Samriya, njia ya kwendea Dukhan, yaliyofunguliwa mwaka 1998, amejionea jinsi magari yanavyoweza kutunzwa kwa heshima ile ile wanayopewa misahafu ya kale na mazulia ya thamani.

Mtu asiyekuwa na mapenzi hayo hudhani ni mchezo wa matajiri. Kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini lipo jambo ambalo wapenzi hawa wa magari hulifanya katika nchi nyingi, nami naona lafaa tulizungumze mwezi huu: huyatumia magari yao kuwaheshimu wazee waliopigana vitani.

Mwaka 1948 madereva wa teksi wa mtaa wa Fulham, London, walianzisha chama cha hisani cha kuwahudumia askari wa zamani. Hadi miaka yetu hii teksi hizo nyeusi zimekuwa zikiwachukua wazee bila malipo, zikiwavusha bahari mpaka Ufaransa na Uholanzi kuzuru makaburi ya wenzao. Kila mwezi Juni, katika fukwe za Normandy, hukusanyika mamia ya jeep na malori ya wakati wa vita, yamerudishiwa rangi na alama zao za asili. Huko Marekani, katika maandamano ya tarehe 11 Novemba, wazee wasioweza kutembea hupandishwa katika magari ya wazi ya kale, wakapitishwa mbele ya watu ili watoto wawaone na kuwapungia mikono.

Si ajabu kwamba motokaa na vita vimekutana hivyo, kwa kuwa motokaa nyingi za kale ni watoto wa vita. Kati ya mwaka 1941 na 1945 viwanda vya Willys na Ford viliunda jeep zaidi ya 600,000. Land Rover, ambayo sisi wa Afrika Mashariki tuliijua kama gari ya Bwana Shauri na ya daktari wa mikoani, ilizaliwa hapo hapo: ya kwanza ya majaribio, mwaka 1947, iliundwa juu ya chesisi ya jeep, na bodi zake zikafanywa za alumini kwa sababu chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Hata Qatar hii ilionja. Mafuta yalikwisha kupatikana Dukhan kabla ya vita kupamba moto, lakini mwaka 1942 kazi ilisimamishwa na visima vikazibwa. Meli ya kwanza ya mafuta haikuondoka mpaka mwisho wa mwaka 1949.

Basi na tugeuke kwetu, tuulize: wazee wetu walikuwa wapi katika habari hii?

WALIPOKWAMA MAGARI

Vita vya kwanza vilipofika Afrika Mashariki, mwaka 1914, Waingereza walikuja na magari. Walikuwa na magari ya deraya ya Rolls-Royce, malori na pikipiki. Mwaka 1916 jeshi la Jenerali Smuts liliteremka kutoka Kilimanjaro kuelekea Morogoro, na hapo ndipo magari yalipoonyesha udhaifu wake. Mvua ziliponyesha, malori yalizama katika tope hadi mihimili. Farasi, nyumbu na ng'ombe waliletwa kuyasaidia, nao wakafa kwa maelfu kwa ugonjwa wa nagana uletwao na mbung'o. Kilichobaki ni kichwa na bega la mwanadamu.

Ndipo wakachukuliwa wapagazi. Kwa upande wa Waingereza peke yao, hesabu ya watu waliotumikishwa katika ubebaji na kazi za jeshi hilo kwa miaka yote ya vita inakaribia milioni 1. Walitoka Pwani na Bara, Ukambani, Nyanza, Uganda, Unyamwezi, Nyasa na hata Kongo. Wengine walijiandikisha kwa ajili ya mshahara. Wengi, hasa katika msako mkubwa wa mwaka 1917, walikamatwa tu wakapelekwa. Kila mmoja alitwikwa mzigo wa kiasi cha kilo 25. Wachache waliuawa kwa risasi. Walioangamia zaidi waliangamizwa na tumbo la kuhara damu, homa ya mapafu, malaria na njaa. Kumbukumbu zilizobaki zinahesabu wafu wapatao 95,000 miongoni mwa wapagazi hao, na kumbukumbu hizo wenyewe walioziandika walijua kuwa zina mapengo.

Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Ulimi wetu ukalifanya jina hilo "Kariakoo". Leo mtu anunuaye kanga na vitenge katika soko la Kariakoo, Dar es Salaam, au viondo katika Kariokor ya Nairobi, analitamka jina la kikosi hicho bila kujua kwamba anawataja watu waliokuwa na kambi pale. Na "Keya", jina tulilowapa askari wa King's African Rifles, nalo ni herufi tatu za Kiingereza zilizogeuka kuwa neno letu. Lugha imehifadhi kile ambacho madaftari hayakukihifadhi.

SANAMU BILA MAJINA

Vita vilipokwisha, Tume ya Makaburi ya Vita ya Uingereza, iliyoundwa mwaka 1917, ilikuwa na kanuni nzuri: kila aliyekufa aandikwe jina lake, juu ya kaburi au juu ya ukuta, bila kubagua cheo. Kanuni hiyo ilitimizwa Ulaya. Kwetu, wakubwa wa wakati ule waliona kwamba Waafrika hawana haja ya kuandikwa mmoja mmoja. Badala ya majina zilisimamishwa sanamu tatu za shaba, kati ya mwaka 1927 na 1928: Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Ile ya Dar es Salaam, Askari Monument, imesimama pale ilipokuwa sanamu ya Mjerumani Wissmann. Maandishi yake ni ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yanawasifu askari na wapagazi kwa jumla yao. Jina la mtu hata mmoja halimo.

Miaka karibu 100 ilipita. Mwezi Aprili 2021, Tume hiyo hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilitoa ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, waliokufa katika vita vya kwanza, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sehemu kubwa yao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi Bungeni. Na kwamba jambo hili linawezekana kurekebishwa kumeonekana Afrika ya Kusini: mwezi Januari 2025, mjini Cape Town, ulizinduliwa ukumbusho wa wafanyakazi Waafrika 1,772 wa jeshi waliokufa katika vita hivyo, kila mmoja na nguzo yake ya mti wa mvule, na jina lake juu yake. Majina hayo yalikuwapo muda wote katika madaftari yaliyosahauliwa. Lilingojewa jicho la kuyasoma.

VITA VYA PILI: DEREVA NA BAHARI

Katika vita vya pili, hali ilibadilika kidogo. Safari hii jeshi liliwafundisha maelfu ya vijana wetu udereva na ufundi wa makanika, na wao ndio waliokamata usukani. Mwanzoni mwa mwaka 1941 majeshi yaliyotoka Kenya yalipita Kismayu na Mogadishu, yakaingia Addis Ababa tarehe 6 Aprili, mwendo wa zaidi ya kilomita 2,500 katika muda usiotimia miezi 2. Mwendo huo haukuwezekana bila ya malori, na malori hayaendi bila ya dereva. Wengi wa madereva wale ndio waliokuja kuendesha mabasi na malori ya nchi zetu baada ya vita, na kuwafundisha kazi makanika wa kwanza wa miji yetu.

Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipelekwa Burma. Ilipita bonde la Kabaw katika masika makali, magari yakakwama kama yalivyokwama Morogoro, na askari wakabeba tena. Mwanzoni mwa Desemba waliufikia mto Chindwin, mahali paitwapo Kalewa, ambapo wahandisi wa jeshi walitandika daraja lililokuwa refu kuliko yote ya aina yake duniani wakati ule, ili magari yavuke.

Wapo ambao hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Kilindini kwenda Colombo, ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda wa dakika 2 hivi. Walikufa watu 1,297, na wengi wao walikuwa askari wa kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki. Hawa walau waliandikwa, katika Nairobi War Cemetery.

Waliorudi, walilipwa kiinua mgongo kwa kadiri ya rangi zao. Mwaka 2019 kituo cha Al Jazeera, ambacho makao yake yako hapa hapa Doha, kilionyesha hati iliyothibitisha kwamba askari Mwafrika alipewa kiasi cha theluthi moja tu ya alicholipwa Mzungu wa daraja lake.

BARABARA MOJA, VIWANJA VIWILI

Mwenye kwenda Nairobi na ajaribu kupita Ngong Road. Katika barabara hiyo upo uwanja wa mbio za farasi, ambamo kwa miaka mingi yamefanyika mashindano ya Concours d'Elegance, yaliyoanzishwa mwaka 1970 na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo. Waamuzi huinama wakachungulia chini ya gari, wakafungua boneti, wakapitisha kitambaa cheupe mahali ambapo mtu hafikiri kupitisha mkono. Karibu na uwanja huo, pembezoni mwa msitu wa Ngong, ndiko yaliko makaburi ya vita ya Nairobi, karibu 2,000, yaliyoanza kuzikiwa mwaka 1941. Pale napo kuna mistari iliyonyooka na nyasi zilizokatwa vizuri.

Siwalaumu wenye magari. Nawasifu. Mpenzi wa motokaa za kale hukwambia gari yake iliundwa mwaka gani, katika kiwanda gani, namba ya chesisi ni ipi, nani aliinunua kwanza na nani baadaye. Akipungukiwa na habari moja, huandika barua nchi tatu kuitafuta. Swali langu ni kwetu sisi: ni nani kati yetu awezaye kueleza habari za babu yake mzaa babu kwa ukamilifu huo?

Mama mmoja wa mtaa wetu, mwenyeji wa Mombasa, aliniletea medali iliyokuwa ya babu yake. Ni nyota ya shaba yenye ncha sita, na utepe wake wa buluu, nyekundu na rangi ya machungwa umefifia. Mjukuu wake aliikuta sandukuni akadhani ni nembo iliyong'oka kwenye gari ya kale. Niliisoma: ni Burma Star. Tuliigeuza nyuma na mbele kutafuta jina la mwenyewe, tusilione. Medali za Uingereza za vita vya pili kwa kawaida hazikuandikwa majina. Yule mama alilijua jina la babu yake na la baba wa babu yake, lakini hakujua kikosi chake, wala mwaka aliokwenda, wala alichokiona huko. Aliyekuwa akijua yote hayo ni mjomba wake, naye alifariki miaka michache iliyopita.

Hapo ndipo penye hasara. Orodha za Tume ya Makaburi zina majina ya waliokufa tu. Mzee aliyerudi salama, akafungua duka la nazi au akaendesha lori la kwenda Bara, hamtamkuta humo. Daftari lake ni sisi, na kila msiba unachana ukurasa mmoja wa daftari hilo.

JE, WANASTAHILI KUHESHIMIWA?

Najua atatokea msomaji wa kusema: vita vile havikuwa vyetu, walipigana Wazungu kwa tamaa zao, na wazee wetu walikuwa watumwa wa mkoloni. Tena walipigana wao kwa wao, kwani kwa Mjerumani pia kulikuwa na maaskari wetu na wapagazi wetu, mpaka Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Hoja hiyo ni nzito nami siipuuzi. Lakini kumheshimu mtu si kuisifu vita iliyomchukua. Aliyekamatwa njiani akatwikwa sanduku la risasi hakuchagua; akifa porini, haki yake ya kukumbukwa haipungui kwa sababu aliyemkamata alikuwa dhalimu. Naona inazidi. Tukiacha kumtaja kwa kuwa mkoloni alimtumia, tutakuwa tumekubaliana na mkoloni kwamba huyu hahitaji jina.

Na sisi Waislamu, tunapowaombea dua marehemu wetu, huwataja kwa majina yao na ya baba zao. Katika vikosi vya Keya walikuwamo Waislamu wengi tangu siku za mwanzo, na wako waliozikwa mbali, pasipo na ndugu wa kuwasimamia. Mjukuu anayejua jina anaweza kuomba. Asiyelijua naye huomba, na Mwenyezi Mungu anawajua wote, lakini uzao wetu utakuwa umekatika na asili yake.

LA KUFANYA

Nawaomba mfanye mambo manne kabla ya toleo lijalo.

Kwanza, mpigieni simu mzee aliyebaki nyumbani, awe Tanga, Lamu, Unguja, Kigoma au Bujumbura, mumwulize: nani katika ukoo wetu alikwenda vitani? Msiulize swali moja mkakata. Ulizeni alijiandikisha wapi, alipanda meli au gari ipi, alirudi na nini, alikuwa akipenda kusimulia nini.

Pili, tafuteni vitu: medali, cheti, picha, mkanda, hata kikombe cha bati chenye namba. Msikisugue. Kipigeni picha, na nyuma ya picha andikeni ni cha nani.

Tatu, ikiwa mzee wenu hakurudi, mtazame katika orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo hupatikana bila malipo katika intaneti. Jaribuni tahajia mbalimbali, kwa maana karani wa Kiingereza aliandika alivyosikia: Hamisi aweza kuwa Amisi, na Shabani akawa Shaban au Sabani. Jina la baba litawasaidia kuwatenganisha wanaofanana.

Nne, leteni majina. Mhariri amekubali kututengea nafasi katika jarida hili. Tutachapa jina la mzee, jina la baba yake, mahali alipotoka, kikosi kama kinajulikana, na mahali alipozikwa kama panajulikana. Pasipojulikana tutaacha wazi, ili atakayejua baadaye apajaze.

Na watoto wakiziona motokaa za kale zinapita, waacheni wafurahi, nanyi mwaeleze. Waambieni kwamba gari kama ile iliwahi kukwama matopeni katika njia ya Morogoro, na palikuwa na mtu aliyeushusha mzigo wake akautia kichwani. Kisha muwaambie jina la mtu huyo, kama mnalo.

La kwanza limekwisha kufika mezani kwangu, la babu wa yule mama wa mtaa wetu. Nangoja ya kwenu.

Wabillahi tawfiq. Tukutane mwezi ujao, Inshallah.

Mwalimu Mstaafu,
Fereej Bin Mahmoud, Doha